Sauti Kwenye Kilomita ya Thelathini

Jumatano asubuhi

Kaka yangu mpenzi,

Bwana asifiwe sana. Hujambo wewe, na shemeji na watoto hawajambo? Goti lako linasemaje na baridi hii? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, ila siku nne za mahubiri zimenikausha koo hata kiongozi wa kwaya ananitania kwamba sasa nakoroma nikiwa macho.

Viatu ulivyonishonea nimevipokea. Ahsante sana, mikono yako isichoke. Soli imekaa sawasawa na ngozi inang'aa. Tatizo ni kwamba umekata kwa kipimo cha mguu wa mkimbiaji, na mguu huu sasa ni wa mhubiri, umenona pamoja na mwenyewe. Kidole gumba kinalalamika. Usicheke! Nimevivaa hivyo hivyo jukwaani, na wazee wa kanisa wamevisifu mbele ya watu, nami nikasema kwa majivuno kwamba fundi ni kaka yangu.

Mkutano unaendelea vizuri. Turubai tumelisimamisha kwenye uwanja wa shule, viti havitoshi, watu wanakalia mikeka. Jumatatu umeme ulikatika katikati ya neno, nikahubiri nusu saa kwa mapafu yangu matupu, na fundi wa vipaza sauti akaniambia baadaye kwamba afadhali wangeacha vyombo nyumbani. Bango letu limebandikwa kila ukuta. Ni ile picha yangu ya zamani, utepe kifuani, nywele zikiwa bado kichwani, na maneno makubwa chini yake: njoo umsikie mwanariadha aliyeitwa na Mungu kwenye kilomita ya thelathini.

Ushuhuda wenyewe unaujua hata ukiamshwa usingizini. Kila mkutano naanza kwa kueleza kazi ya sungura, maana wengi hawaijui: kwamba nilikuwa nalipwa kukimbia mbele ya wakimbiaji wakubwa, niwashikie kasi na kuwakatia upepo, kisha kilomita ya thelathini nitoke pembeni niwaachie mbio zao. Kwamba siku ile nilikuwa sungura wako. Kwamba karibu na kibao cha thelathini nilisikia sauti ikiniita kwa jina la nyumbani, Kadogo, mara tatu. Kwamba sikutoka, nikakimbia hadi mwisho, nikakata utepe, na tangu hapo nikajua nimeitwa. Hapo kwaya inaanza chini chini, na watu wanakuja mbele wakilia.

Jana alasiri, watu walipokwisha kuondoka na mimi nasaidia kukunja viti, alinijia binti mmoja wa kwaya. Ni mkimbiaji. Alinieleza kwamba Jumapili hii kuna marathoni hapa mjini, na yeye ni sungura wa dada yake mkubwa, ambaye amefanya mazoezi mwaka mzima ili achaguliwe timu ya taifa. Akasema amefunga siku mbili, anamwomba Mungu aseme naye kama alivyosema nami, ili asitoke pembeni. Nikamuuliza kama dada yake anajua. Akasema hajui, ila hatakasirika, kwa sababu kaka yangu mimi hakukasirika. Hilo nalo nalihubiri, kaka. Huwa ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Nilikaa kwenye kiti nilichokuwa nataka kukikunja. Nikamwambia kwanza akale, maana mtu hafungi wiki ya mbio, na halafu afanye kazi aliyoahidi kuifanya. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, macho chini, kama mimi nilifanya kazi niliyoahidi. Nikamwambia nitamjibu Jumamosi, mbele ya watu wote. Lakini wewe ndiwe wa kwanza kustahili jibu hilo, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka tulivyokubaliana asubuhi ile, tukifunga kamba za viatu. Kichomi kilikuwa kinakusumbua, ukasema kikikushika utaniita Kadogo, nami nipunguze hadi kipite. Kilikushika. Ukaniita.

Kaka, nilikusikia. Nilikusikia mara ya kwanza, nikakusikia ya pili, na ya tatu nilisikia hadi pumzi yako ilivyokatika. Hapakuwa na kelele, ilikuwa ni ile sehemu ya barabara yenye meza ya maji na sponji tu. Miguu yangu ilikuwa myepesi siku ile, na nilikuwa nimechoka kufunikwa blanketi pembeni ya barabara na kubebwa kwenye gari kwenda kuwapigia wenzangu makofi. Nilijiambia wewe ni kaka yangu, utanisamehe. Nikaongeza kasi.

Pale mwisho mwandishi wa habari aliniuliza kwa nini sikutoka. Nilitaka kumwambia nilijisikia vizuri tu. Ndipo nikakuona unaingia, mtu wa tisa, mkono ubavuni, na timu ya taifa ilikuwa inachukua watatu. Nikauogopa uso wako. Nikasema nilisikia sauti ikiniita mara tatu. Hadi hapo sikuwa nimedanganya. Uongo ni kile kidole nilichokinyoosha juu.

Nawe ukaja ukanikumbatia. Ukasema kumbe wewe ulikuwa unaniita na Mungu naye ananiita, sasa mimi ningemsikiliza nani. Jumapili iliyofuata ukaingia kanisani, wewe ambaye hukuwa umekanyaga humo tangu tumzike baba, na leo ni mzee wa kanisa. Miaka kumi na minane nimejiambia nanyamaza ili nisikuvunjie imani. Si kweli. Nilikuwa nalilinda lile bango.

Sauti ilikuwa yako. Haikuwepo nyingine.

Mungu namwamini, hilo usilitilie shaka. Sikumwamini siku ile. Nilianza kumwamini baadaye, polepole, kwa kusoma Biblia nipate cha kuhubiri. Wazee wa kanisa bado hawajui lolote. Jumamosi nitasimama jukwaani niyaseme haya yote, na huenda Jumatatu sitakuwa na turubai wala kwaya, nije unifundishe kukata soli. Lakini nisingevumilia uyapate kwa watu. Ile hasira uliyoiacha kwa ajili ya uongo wangu ni haki yako, nakurudishia. Na ile timu, kaka, siwezi kukurudishia. Hilo linaniuma kila nikiamka, na kidole gumba nacho kinanikumbusha.

Jumapili nitasimama kwenye kibao cha thelathini, na blanketi mkononi. Yule binti akitoka pembeni nitamfunika. Akipita, nitajua ni mahubiri ya nani yaliyompitisha.

Barua hii nampa jirani anayesafiri huko leo, itakufikia kesho. Nisalimie shemeji, mwambie maombi yake nayahitaji kuliko zamani. Watoto waambie baba mdogo anawapenda, mengine utawaeleza wewe utakavyoona inafaa. Usijilazimishe kunijibu. Ila ukiamua kuja Jumamosi, huna haja ya kukaa mbele. Kaa nyuma kabisa, nilikokuacha. Ukiniita mara moja tu, nitasimama.

Mdogo wako,
Kadogo