Orodha Iliyokuwa Tupu

Jumatatu, 4 Juni 2007. Kitale

Kimeganda tena. Mara ya tatu tangu asubuhi. Mausi inatembea lakini nikibonyeza hakuna kinachosikia. Nimezima kwa kidole, nimewasha, nimengoja. Kazi ya saa nzima imepotea. Sikuwa nimehifadhi. Kosa langu.

Kinachoganda ni kihariri, yaani ile programu ninayoandikia programu nyingine. Ninayoandika sasa ni ya Sista Zuhura, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu kule Bungoma. Alikuja hapa chuoni likizo ya Aprili kujifunza kupiga chapa. Siku ya mwisho akaniuliza kama kompyuta inaweza kumkumbusha ni mgonjwa gani hajarudi kuchukua dawa. Kadi zake ziko kwenye makatoni. Mtu akipotea, inachukua mwezi kabla hajajua.

Nikasema inaweza. Nilisema haraka mno.

Saa tano darasa la wanaoanza. Wanafunzi kumi na wawili, kibodi tisa zinazofanya kazi.

Jumanne, 5 Juni

Nimekiondoa kihariri na kuanza kukisakinisha upya. Kimefika katikati kikakwama. Sidii ina mkwaruzo. Nimeipangusa kwa kitambaa cha miwani, nimejaribu tena. Imekwama palepale.

Bwana Sang, mwenye chuo, amechungulia mlangoni. Ati ninunue mashine mpya. Kila kitu kwake dawa yake ni mashine mpya. Mpya haijawahi kuonekana.

Mchana nimeazima sidii ya mwalimu wa chuo jirani. Imekubali. Nimefungua kazi yangu. Imeganda.

Nimechukia.

Jumatano, 6 Juni

Sijagusa mashine asubuhi yote. Nimekaa na daftari. Nimeandika kila mara ilipoganda na nilichokuwa nafanya wakati huo. Kisha nabadilisha kitu kimoja tu, najaribu, naandika. Antivirusi imezimwa: inaganda. Memori imeongezwa, nimeitoa kwa mashine ya darasani: inaganda. Kebo ya mtandao imechomolewa: inaganda, lakini inaamka baada ya dakika kama tatu.

Hilo la mwisho ni jipya.

Alhamisi, 7 Juni

Nimeipata.

Haigandi ovyo. Inaganda nikifungua ukurasa mmoja tu, ule wa orodha ya kuchapishwa. Kihariri kikiufungua kinaiuliza printa ukubwa wa karatasi. Printa ya mashine hii ni ile ya ofisi ya mbele, inayopitia kompyuta ya karani kwa mtandao. Kompyuta ya karani iliungua mwezi uliopita radi ilipopiga. Kwa hiyo kihariri kinauliza, hakuna wa kujibu, kinangoja.

Nimechagua printa nyingine. Ukurasa umefunguka kabla sijainua kidole.

Sikupiga kelele. Nimeenda kunywa chai. Nimemweleza Bwana Sang, akasema, "Si nilikwambia ni mashine?" Nimemwacha aamini.

Jumatatu, 11 Juni. Bungoma

Kompyuta ya kliniki ni ya msaada. Nzito, ya rangi ya maziwa, imekaa kwenye katoni miaka. Programu yangu imekataa kuingia. Imedai faili moja haipo. Nikaileta hiyo faili kwa flashi. Ikasema sina ruhusa, nitoe neno la siri la msimamizi. Hakuna anayelijua. Aliyeleta mashine aliondoka nchini.

Sista Zuhura amesimama nyuma yangu muda wote, ameshika makadi. Wagonjwa wamejaa benchi nje, wanakohoa kwenye leso.

"Mwalimu, hii kitu itakubali kweli?"

"Itakubali."

Nimefuta mashine yote na kuanza upya. Nalala kwake leo. Anaishi mtaa wa nyuma ya msikiti na mama yake, ambaye ameniwekea sahani mara mbili bila kuniuliza.

Jumatano, 13 Juni. Bungoma

Imekubali. Nimeweka tarehe sahihi, nimeweka programu, tumeingiza kadi sitini za kwanza. Zuhura anapiga chapa kwa vidole vyote sasa. Kila asubuhi atabonyeza mara moja na kupata majina ya waliopitisha siku yao.

Mashine ikiwashwa huleta ujumbe mweupe, kitu kuhusu saa yake ya ndani, bonyeza uendelee. Nimebonyeza, ikaendelea. Nimemwonyesha Zuhura abonyeze wapi. Nitauangalia nikirudi.

Amewaambia wagonjwa benchini: "Sasa ukikosa siku yako, kompyuta inatuambia, na sisi tunakufuata mpaka nyumbani." Wamecheka. Mimi pia.

Jumatatu, 25 Juni. Kitale

Zuhura amepiga simu. Orodha ya leo ilitoa majina matatu. Wote wamepatikana. Mmoja alikuwa matangani Lugulu na dawa zilikuwa zimemwishia. Angepotea huyo, amesema.

Nimefurahi siku nzima. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 7 Julai

Mvua. Baridi. Nimesahihisha mitihani. Bungoma kimya. Kimya ni kizuri.

Jumatatu, 16 Julai

Si kizuri.

Zuhura amepiga saa nne. Sauti ya chini. Orodha imekuwa tupu karibu wiki tatu. Alidhani watu wamesikia maneno yake. Leo alikuwa akitafuta kadi nyingine kwenye katoni, akakutana na kadi ya Mzee Barasa, mkulima wa tumbaku wa Malakisi. Siku yake ilikuwa Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa Juni. Hakuja. Kompyuta haikusema.

"Na wengine?" nimeuliza.

"Sijui, Mwalimu. Ndiyo nakuuliza wewe."

Jumanne, 17 Julai. Bungoma

Dakika tano zimetosha. Nimeangalia pembe ya chini ya skrini, mahali pa saa. Inasema ni Januari 2002.

Betri ndogo ndani ya mashine imekufa. Stima ikipotea, saa inarudi mwaka iliotengenezwa. Stima ilipotea tarehe ishirini na saba Juni; Zuhura anakumbuka, majokofu ya chanjo yaliwapa shida. Tangu siku hiyo programu yangu imeamini tuko 2002. Kwa hesabu yake hakuna mgonjwa aliyechelewa. Siku zao zote bado hazijafika.

Ule ujumbe mweupe ulikuwa unasema hilo. Niliuona. Nilibonyeza. Nikamfundisha na yeye kubonyeza.

Kihariri kilipoganda nilikaa siku nne mpaka nikajua kwa nini. Ujumbe huu haukunizuia kufanya kazi, kwa hiyo sikuusoma.

Tumemwaga makatoni yote sakafuni na kupitia kadi moja moja kwa mkono. Waliokosa ni tisa.

Jumatano, 18 Julai. Bungoma

Saba wamepatikana kwa simu au kwa majirani. Wa nane amekuja mwenyewe asubuhi, akiomba msamaha. Ameomba msamaha yeye. Nimeangalia chini.

Amebaki Mzee Barasa. Hana simu. Daktari mkuu wa kliniki ameuliza kwa nini mgonjwa amekaa wiki tatu bila dawa na hakuna aliyemfuata. Amemtaka Zuhura aandike maelezo, ayalete Jumatatu. Kwa Zuhura barua ya namna hiyo ikiingia kwenye faili yake haitoki. Miaka kumi na minne ya kazi hajaandikiwa hata moja.

Hakuniambia hayo yeye. Nimeambiwa na karani wa kliniki.

Alhamisi, 19 Julai. Malakisi

Tumemkuta kwenye banda la kukaushia tumbaku, anasukuma kuni motoni. Majani yananing'inia juu yake safu kwa safu. Moshi. Amekonda. Koti limemzidi. Ametusalimu kwa heshima, akatutolea viti nje.

"Karibuni, karibuni. Keti hapa, moshi haitawafikia."

Akakohoa muda mrefu. Mke wake, Mama Nafula, akaja na maji, akasimama pembeni.

Zuhura alianza kwa upole. "Baba, siku yako ilipita. Mbona hukuja?"

"Nirikuwa nangoja ninyi."

"Kutungoja sisi?"

"Si ulisema pare kriniki, mtu akikosa, kompyuta itasema na mtamfuata? Siku yangu ilifika, tumbaku iko kwa moto, siwezi kuacha. Nikasema watakuja. Hawakuja. Nikakaa wiki, hawakuja. Nikasema basi, kompyuta imeona nimemaliza. Nimepona."

"Na kikohozi?" nikauliza.

"Kirirudi wiki jana. Nikasema ni moshi."

Kuni zililia motoni.

Akaniuliza mimi ni nani. Ningeweza kusema nimekuja na Sista. Nikasema, "Baba, programu ya kompyuta niliitengeneza mimi. Ilikosea tarehe. Haikuwaambia. Kosa si la Sista wala si lako. Ni langu."

Akanitazama. Macho mekundu ya moshi.

"Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo."

"Na ni mwanamke, bana." Akamgeukia mke wake. "Umeona?" Halafu, kama mtu aliyekumbuka, akasema, "Sasa sijapona?"

"Hujapona, Baba."

Ameinamisha kichwa. Mama Nafula amesema moto atauangalia yeye na shemeji yake, mzee aende. Amepinga kidogo tu. Tumerudi naye.

Ijumaa, 20 Julai. Bungoma

Makohozi yamepimwa. Vijidudu vimerudi. Anaanza upya kutoka siku ya kwanza, safari hii pamoja na sindano kila siku, miezi miwili. Atakaa kwa binti yake hapa mjini ili awe karibu. Tumbaku ya mwaka huu atamalizia mke wake.

Nimenunua betri kwa fundi wa saa sokoni. Ni bapa, kama kifungo cha koti. Kuiweka ni kazi ya dakika moja.

Betri haitoshi. Nayo itakufa siku moja. Nimefungua kihariri na kubadilisha programu. Sasa inakumbuka tarehe ya mwisho iliyoiona. Ikiona tarehe imerudi nyuma, inakataa kufunguka na kuandika kwa herufi kubwa: SAA YA MASHINE SI SAHIHI, USIAMINI ORODHA. Na kila asubuhi, hata kama iko sawa, inamtaka Zuhura aandike tarehe ya leo mwenyewe kutoka kalenda ya ukutani. Na orodha ikiwa tupu haitoi tena karatasi nyeupe. Inasema imepitia kadi ngapi.

Nimechomoa betri na stima mara sita. Mara sita imekataa kufunguka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufurahi programu ikikataa.

Jumatatu, 23 Julai. Bungoma

Nimeandika barua kwa daktari mkuu kabla Zuhura hajapeleka yake. Ukurasa mmoja. Ujumbe ulionekana tarehe kumi na tatu Juni, niliupuuza, nilimwelekeza muuguzi aupuuze. Nimetia sahihi. Nimeipeleka mwenyewe.

Ameisoma mara mbili. Hakupandisha sauti. Amesema programu isimame kwa mwezi mmoja, ama ifanye kazi sambamba na kadi zikipitiwa kwa mkono kila siku, kisha akauliza nani atakubali mzigo huo. Zuhura akasema, "Mimi." Kuhusu maelezo yake, daktari amesema hayahitajiki tena.

Nje ukumbini nilitaka Zuhura aseme kitu. Alisema, "Ungenisomea tu ule ujumbe, Mwalimu. Mimi kusoma najua." Kisha akaingia chumba cha sindano.

Imeniuma. Ni haki yake.

Jumanne, 31 Julai. Kitale

Darasani leo mwanafunzi mmoja amekutana na ujumbe wa kosa, akabonyeza haraka uondoke. Nimemwambia aurudishe na ausome kwa sauti. Alidhani ni adhabu. Darasa limecheka. Ameusoma. Ulikuwa unasema flashi imejaa. Tumefuta picha zake, tukaendelea.

Bwana Sang ameniuliza kama Bungoma wameridhika. Nimesema bado.

Jumatatu, 13 Agosti

Zuhura amepiga simu. Wiki mbili orodha ya mashine na orodha ya kadi zimelingana kila siku. Jana stima ilipotea na leo saa imebaki sawa. Amesema hayo kama mtu anayesoma taarifa. Mwishoni akaongeza kwamba mama yake anauliza nitaenda lini. Nimesema wiki ijayo.

Ijumaa, 24 Agosti. Bungoma

Mwezi umeisha. Daktari mkuu ameruhusu programu iendelee, na kadi pia ziendelee. Nimemwambia ningesema hivyohivyo.

Orodha ya leo: majina mawili. Zuhura amepiga simu moja na kumtuma mtu kwa la pili.

Mzee Barasa alikuja saa tatu kwa sindano yake. Amepimwa. Ameongeza kilo mbili. Alivua viatu na kupanda mizani mara ya pili, kuhakikisha. Mama Nafula amemletea habari kwamba majani yamekauka vizuri, rangi imekubali. Mzee alitusimulia hilo zaidi kuliko lile la kilo.

Niliondoka naye mpaka langoni. Barabara ilikuwa na lori za miwa. Akangoja zipite, akavuka, akapanda kile kilima cha kwenda kwa binti yake. Hakusimama njiani kupumzika. Nilimwangalia mpaka akapinda kona, nikarudi ndani.