Pete ya Chini ya Imbabura

Carama, 4 Machi 2024

Kwa Mama mudogo Adélaïde,

Yambo Mama. Umeamkaje na mgongo wako? Mimi niko mzima, ila nimechoka, uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao. Mafuta ya gari hayapo tena, na kutoka huku Carama mpaka kwako Ruziba mtu anamaliza siku kwenye mistari ya kungojea basi. Ndiyo maana nimempa Massoudi wa ndagala barua hii, akimaliza kuuza samaki zake akuletee. Nimempa na imbabura, jiko letu jipya la makaa. Ni yako.

Nikueleze. Kuna shirika linataka imbabura nyingi za makaa, wagawie familia. Wamemwambia patron wetu Gélase kwamba bei yetu iko juu, aishushe au komande, ile oda yao, iende kwingine. Ikienda, atelye inafungwa, mafundi wanarudi nyumbani na mimi pia. Gélase alitaka kukata mishahara. Nikamwambia apana, patron, gharama ya kitu inaamuliwa kwenye mchoro, kabla fundi hajashika nyundo. Nikakaa na mchoro wiki nzima. Nikaona ile pete pana ya chuma inayokaa chini ndiyo inayokula chuma kuliko kitu kingine chote. Nikaitoa, nikaweka miguu mitatu myembamba. Tumeichemshia maji kutwa nzima, haikutikisika.

Ipikie, halafu uniambie.

Mtoto wako,
Annick


Ruziba, 11 Machi 2024

Mwanangu Annick,

Yambo sana. Mugongo ni ule ule, tunazeeka pamoja. We ndiye unanitia wasiwasi, Massoudi anasema umekonda. Kula, mutoto wangu. Uinjinia hauliwi.

Imbabura nimeipata. Ni muzuri, nyepesi, naibeba na mukono moja. Miguu yake myembamba kama ya bibi harusi aliyesusa chakula, lakini we ndiye ulisoma, mi ninyamaze. Jana nimepikia chai, na makaa yamebaki. Jumamosi wavuvi watarudi na njaa yao, nitaweka ile sufuria kubwa ya bugali. Jirani yangu Epiphanie amekwisha kuuliza yake ataipata wapi. Nimemwambia atulie, anayezitengeneza ni mutoto wangu. Nimejivuna kidogo, Mungu anisamehe.

Mama yako mudogo,
Adélaïde


Carama, 2 Aprili 2024

Mama mudogo,

Habari za siku nyingi? Massoudi amepita hapa mara mbili bila barua. Nikimuuliza, anasema uko sawa, anasalimu, halafu anaanza kusifu ndagala. Uko sawa kweli?

Huku ni kuhangaika tu. Umeme unakatika, tunakata chuma kwa mkono. Lakini komande iko karibu. Shirika linataka kitu kimoja tu katika faili: maneno ya mpishi mmoja aliyeitumia imbabura yetu. Nimewaambia ninaye, tena mpishi anayelisha wavuvi tangu sijaota meno. Niandikie mistari michache, Mama. Mafundi wote wanakusubiri bila kukujua.

Mtoto wako,
Annick


Ruziba, 14 Aprili 2024

Mwanangu,

Yambo. Nimekawia kukujibu, usinihesabie. Niko sawa, napumzika kidogo. Chanelle, binti wa Epiphanie, ananisaidia kupika.

Haya ndiyo maneno yangu, peleka: imbabura ni muzuri, makaa inakula kidogo, mi niliyeitumia nimeikubali.

Hapa hakuna jipya. Siku hizi wavuvi wanakula wali. Usije, mafuta hakuna, utajichosha bure.

Mama yako mudogo,
Adélaïde


Carama, 9 Mei 2024

Mama mudogo,

Yambo Mama. Mguu unaendeleaje? Chanelle aendelee kukubadilishia kitambaa kila asubuhi, na usiupake dawa ya meno hata Epiphanie akikuapia kwamba inaponya. Mimi nilirudi salama kutoka kwako, nusu ya njia kwa miguu.

Sikukuambia kilichonileta siku ile. Maneno yako nilikuwa nimekwisha kuyaweka kwenye faili, nimefurahi. Halafu nikaisoma barua mara ya pili. Wavuvi wanakula wali! Tangu lini, Mama? Sijaona mvuvi wa Ruziba akilipia wali mpaka leo. Nikajua husongi tena, na mtu kama wewe haachi kusonga bugali hivi hivi.

Jumamosi ile ya wavuvi ulikaa kwenye kibao kama siku zote, imbabura katikati ya miguu, mguu mmoja umefungwa kitambaa usiungue, ukishikilia sufuria, mwiko kwa mikono miwili. Ndivyo mnavyosonga wote, na ndivyo ulivyonifundisha. Mimi nikaenda kupima na maji. Maji hayasongwi, Mama. Nimekula bugali maisha yangu yote, na nilipokaa mbele ya mchoro sikukumbuka kwamba kuna mtu atakayeisukuma ile sufuria kwa nguvu zake zote. Imbabura ikaegama, sufuria nzima ikakumwagikia mguuni. Nilipokuja ukaniambia, "Ni mikono yangu imezeeka, si imbabura yako." Lakini imbabura niliiona, Mama. Mguu wake umepinda. Ulinyamaza ili usimwage kazi yangu, na hilo linaniuma kuliko yote.

Nimemwambia Gélase kila kitu. Akauliza kama faili imekwenda. Nikamwambia bado, na haitakwenda hivyo. Nimerudisha pete. Nikatafuta pengine pa kupunguza, na nikapapata: rangi ya nje, na kile kipande cha bati chenye jina la shirika walichotaka tubandike. Tukiviondoa, pete inajilipa yenyewe na bei haipandi. Shirika likajibu kwamba rangi inaweza kutoka, lakini jina lao litabaki. Bei ikabaki juu. Basi, komande imekwenda kwingine.

Atelye inafunga mwisho wa mwezi. Mafundi nimewaambia mwenyewe. Gélase hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nimechoka, Mama. Sijui niandike nini tena.

Nisamehe.

Mtoto wako,
Annick


Ruziba, 20 Mei 2024

Annick mwanangu,

Yambo. Kidonda kinakauka, kinawasha, Chanelle anasema kuwasha ni kupona. Dawa ya meno nilipaka mara moja tu, basi, usipige kelele.

Umeomba musamaha, nimekupa. Sasa na mi uniwie radhi. Maneno yale ya faili niliyaandika nikiwa nimelala, mguu unawaka, na nikijua wanawake wengine watapewa imbabura ile ile. Nilikufikiria we tu. Haikuwa vizuri.

Wavuvi wamechoka na bugali wa Chanelle, wanasema ni uji. Atelye ikifungwa, usibaki huko Carama ukitazama ukuta. Tengeneza imbabura moja yenye pete, umpe Massoudi aipakie, na we uje nyuma yake polepole. Utasonga mwenyewe, mbele yangu, ile sufuria kubwa. Mi nitakaa kwenye kibao na kukushikilia sufuria, na mguu wangu muzima.

Mama yako mudogo,
Adélaïde