Kiti cha Nyuma cha Mzee Mwinyimvua

Jumatano, 20 Agosti 1952

Jana mtoto katolewa nywele, kapewa jina. Mwanabaraka. Baba yake kamwadhinia sikioni tena. Ati mara ya kwanza, pale Kerege, alikuwa anatetemeka, hana hakika kama maneno aliyasema kwa mpango.

Niko kitandani naandika. Kiti kiko chini, kando ya mlango, tumekifunika mkeka. Kiti cha nyuma cha motokaa ya Mzee Mwinyimvua. Nikikitazama sijui nicheke au nilie.

Nilizalia pale. Uchungu ulinishika siku mbili, mkunga akasema huyu hapa hazai, mpelekeni hospitali Dar. Gari la kunipeleka ni hilohilo moja. Muhidini mume wangu ndiye dereva wa Mzee, na Mzee yuko safarini Makka. Alimwachia ufunguo na neno moja: liwashe kila Ijumaa, lisitoke uani mpaka nirudi.

Likatoka. Kufika Kerege, njiani bado, alfajiri, sikuweza tena. Mama mkwe kanishika mabega. Muhidini kasimama barabarani kaligeuzia gari mgongo, anasoma kila dua anayoijua. Mtoto akalia. Tukageuza, tukarudi nyumbani Bagamoyo.

Alhamdulillahi, mtoto mzima. Mimi mzima. Kiti ndicho kisicho kizima.

Ijumaa, 22 Agosti

Muhidini anataka turudishe kiti leo. Ngozi keshaisugua kwa sabuni, keshaipaka nta, inang'aa. Ati hakuna atakayeona.

Nikamuuliza, na ndani? Damu iliteremka kwenye mishono na kwenye vifungo. Mzee akirudi atakaa hapo na kanzu yake, kisha ateremkie msikitini asali rakaa mbili kabla hajaingia kwake. Mtu atoke Makka, sisi tumkalishe juu ya najisi?

Akasema, "Umesoma madarasa manne tu, lakini unahukumu kama kadhi."

Akaenda kutafuta koleo.

Anaogopa, namjua. Kazi ni ya Mzee. Chumba hiki cha uani ni cha Mzee. Tukifukuzwa tunakwenda wapi na kichanga? Sijamwambia kwamba na mimi naogopa.

Jumatatu, 25 Agosti

Tumekifungua. Vile vimisumari vya vichwa vya shaba nimevitia kikombeni, kimoja kimoja, nisipoteze hata kimoja. Ngozi imetoka nzima, haikuchanika — rangi ya tende. Ndiyo ileile iliyokuja na gari kutoka kwao Ulaya. Mzee alilinunua kwa Mgiriki wa shamba la katani, na mafundi wa Dar wakamshauri mara ngapi aweke kitambaa kipya cha kufutika. Kakataa. Anasema kiti kibaki kama kilivyokuja.

Chini ya ngozi turubai. Chini ya turubai nywele za mkia wa farasi, nyeusi, tele. Chini kabisa springi.

Nywele ndizo zilizokunywa. Zimegandana kama ukoko wa uji. Tumeziosha mara tatu, wapi. Mama mkwe kazikusanya kwenye kanga kuukuu, kaenda kuzifukia nyuma ya jiko, palepale alipozika kondo la mtoto.

"Zimempokea mwanetu," kasema. "Hazitupwi jalalani."

Jumatatu, 1 Septemba

Idi ilikuwa jana. Sikutoka, arobaini yangu bado. Pilau imenifuata kitandani.

Sasa tujaze nini? Bagamoyo nzima hakuna farasi. Muhidini kaleta sufi. Mama yake kacheka mpaka kakaa chini.

"Sufi ya mto wa kulalia, baba! Mzee Mwinyimvua na uzito ule, kwa makorongo yale, atafika Dar kakalia chuma kitupu."

Yeye anasokota kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, tangu ni msichana. Ana makumbi yake kayafukia pwani kwenye tope tangu masika, yameshaoza vizuri. Kayafukua, anayaponda uani, du, du, du. Mtoto analala kwa mlio huo kuliko kwa sauti yangu.

Lakini harufu! Ashura wa jirani kaja kumtazama mtoto, kaziba pua mlangoni. "Wazazi wenzio wananukia udi, shoga, wewe wanukia tope la mikoko."

Nikamwambia ni kazi ya mama. Macho yake yalikwenda kwenye mkeka, lakini hakuuliza.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimejaza. Usumba nimeuchambua kwa vidole mpaka ukawa laini, nikaupanga kwa tabaka. Nilipofungua niliona upande wa kushoto umebonyea sana, kama springi zimechoka. Nikauongezea. Sasa kiti sawa, huku na huku.

Nashona kwa shazia na uzi uliotiwa nta. Napitisha sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani, sitoboi jipya. Mwanabaraka ananyonya, kichwa chake juu ya mkono wa kushoto, mkono wa kulia unavuta uzi. Nikivuta, anafumbua jicho moja. Nikiacha, anafumba. Nimefanya hivyo mchana kutwa kwa kumchezea tu. Kazi haikwenda. Sijutii.

Jumatatu, 15 Septemba

Doa limerudi.

Asubuhi nimeinua mkeka. Kila kifungo kimezungukwa na duara jekundu. Kwenye mshono pia, mstari mwembamba, mwekundu. Nikasema basi, damu hii haitoki, ni alama yetu, tumevunja amana ya mtu aliyekwenda kuhiji. Nikamkumbatia mtoto nikalia, naye akalia.

Mama mkwe kaja na maji yangu ya moto. Katazama. Katia kidole, kakipeleka ulimini. Nilitaka kumzuia.

"Kutu hii, mwanangu. Onja."

Nikaonja. Chumvi.

Usumba wa pwani! Umelala kwenye tope la bahari miezi yote, na wasokota kamba hawausuuzi kwa maji ya kisima, ya nini, kamba haina chuma. Chumvi ikavuta unyevu, ikala springi. Mama mkwe kajipiga kofi la paja. "Miaka yote hii nasokota. Nani aliwahi kumkalisha mtu juu ya kamba yangu!"

Nilicheka huku machozi bado yapo. Kisha nikakata uzi. Mishono yote.

Alhamisi, 18 Septemba

Muhidini anateka maji ya kisima, anausuuza usumba, anamwaga, anasuuza tena. Wapita njia wanamwuliza umekuwa mwanamke? Anawajibu, "Mke wangu kazaa, mimi ndiye niliyebaki mwanamke." Springi kazisugua kwa mchanga, kazipaka mafuta ya mashine. Ngozi nimeisafisha kwa ndimu, taratibu. Maduara yamefifia. Ukijua pa kutazama utayaona. Usipojua, huyaoni.

Jumanne, 23 Septemba

Nimetoka arobaini. Jua la uani limeniumiza macho, tamu. Kiti kimerudi garini. Kimeingia mahali pake, tak, bila kulazimishwa. Vimisumari vyote. Muhidini kanishika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo halifanyi.

Nikamwambia mama mkwe, kaa wewe kwanza, kazi yako. Kakaa. Kapapasa upande wa kushoto, kapapasa tena. Uso ukambadilika.

"Mmepasawazisha hapa?"

Nikasema ndiyo, palikuwa pamebonyea.

Kasema polepole: "Pale ndipo alipokaa marehemu Mwanaharusi."

Mke wa Mzee. Alifariki kabla Muhidini hajaanza kazi hapa, sikumjua. Mama anasema alikuwa mtu na nusu, akipanda gari linainama, na miaka yote alikaa kushoto, kiwiko dirishani, anasalimia mji mzima. Lile bonde ni lake.

Muhidini kaegemea gari. Kasema kwenye kioo alikuwa akimwona Mzee anakaa kulia, halafu anaweka kiganja pale kushoto, safari nzima. Yeye alidhani anajishikilia.



Jumapili, 28 Septemba

Nimejaribu. Nimetoa usumba kidogo upande ule, nikashona. Ni shimo tu. Nimempakia Muhidini akae, nikakaa mimi, tukambembeleza mama akae na kinu mapajani. Hapo hata mtoto alitucheka, au nilidhani. Si lolote. Mtu alipakalia miaka, mimi nataka kupafanya kwa juma moja.

Nimeurudisha usumba. Afadhali pawe sawa kuliko pawe uongo.

Jioni nimemwambia Muhidini: najisi tumeitoa, kiti ni safi. Lakini hili la bonde umwambie wewe mwenyewe, na kabla Mzee hajakaa. Asikie kwa mdomo wako, asigundue kwa mkono.

"Atanifukuza, Mina."

"Labda."

"Kwa nini usiniambie hatanifukuza?"

Kwa sababu sijui. Lakini nilimwekea mtoto mikononi, nikamwambia huyu ndiye aliyekutoa uani siku ile, hukumwibia mtu gari kwa ajili ya starehe. Kamtazama mtoto muda mrefu. Kasema, "Bandarini. Nitamwambia bandarini."

Alhamisi, 9 Oktoba

Muhidini kaondoka alfajiri. Meli inaingia Dar leo. Kanzu nimempigia pasi mara mbili.

Nimeomba Mungu ampe Muhidini maneno. Na Mzee nimemwombea ampe moyo. Mengine sikuomba, nisije nikaonekana nina tamaa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wamefika jana alasiri. Dufu, watoto wanakimbilia gari, wanawake vigelegele. Mzee kakonda. Kateremkia msikitini kama nilivyojua. Nilimtazama kanzu yake kwa nyuma alivyopanda ngazi — nyeupe, safi. Hilo moja limenipoza.

Muhidini hakumwambia. Bandarini watu wengi, ndugu, mizigo, Mzee kaingia garini kabla yeye hajavuta pumzi.

Anasema Mzee kakaa kulia kama kawaida yake. Kapeleka kiganja kushoto. Kakiinua. Kakiweka tena. Walipofika Kerege kakiondoa, mikono yote miwili kaiweka mapajani mpaka Bagamoyo. Hata pole ya kuendesha hakumpa.

Tumelala mtoto katikati, kila mmoja kashika mguu wake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi wageni wamepungua. Mzee kamwita Muhidini garini. Muhidini kanitazama tu, kavaa kofia, kavua, kavaa. Nikamwambia nenda.

Nimekaa nyuma ya mlango, mtoto ananyonya, naandika juu ya goti. Kutoka hapa nawaona.

Mzee kafungua mlango mwenyewe, kakaa kiti cha nyuma. Kushoto. Sijapata kusikia kwamba amewahi kukaa kushoto. Muhidini kasimama nje, kichwa chini.

Anamwambia. Nasikia Kerege. Nasikia mke wangu. Nasikia usumba. Sauti inakatika, inaanza. Anaonyesha kwa mkono nyuma ya jiko. Mzee hamkatizi, hamwangalii. Anapapasa ngozi. Kidole chake kiko kwenye kifungo, anakizungusha pale palipokuwa na duara.

Muhidini kamaliza. 

Mzee kauliza jambo. Sauti ya chini, nimeisikia kwa sababu uani hakuna upepo. Kauliza, "Alizaliwa upande upi?"

Muhidini kaonyesha. Hapohapo alipokaa Mzee.

Mzee kashika mgongo wa kiti cha mbele, kajivuta, kasogea kulia. Taratibu, kama mtu anayempisha mtu.

Uso wake siuoni, paa la gari limemkinga.

Muhidini anakuja huku. Mina, anasema, Mzee anataka aletewe mtoto. Namwuliza, kasemaje, kakasirika? Hajui. Kasema mleteni tu.

Mtoto bado ananyonya. Simkatizi, ashibe kwanza.