Uzi wa Jibini Kati ya Mume Wangu na Mama

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na ukiona mwandiko umepinda ujue naandika huku nikinyonyesha. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Kaloleni hapa Nairobi, mume wangu Kiilu ni fundi kwenye karakana ya reli, na mimi hupakia biskuti katika kiwanda kimoja huko Industrial Area, ila sasa niko likizo ya uzazi ambayo inaisha mwisho wa mwezi huu, na tafadhali sana jina langu lisitokee gazetini.

Nilipojifungua, mama yangu Nthambi alitoka kijijini Masii akaja kunisaidia, na wewe unajua sisi Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawali pamoja, ndiyo heshima yenyewe, na nyumba yetu ni chumba na jiko tu, kwa hivyo mama analala kwa jirani yangu Lydiah ambaye watoto wake wamekua wakaondoka, na asubuhi Kiilu akishatoka ndipo mama anaingia, na jioni Kiilu akifika kwenye kona anakohoa, kikohozi kikubwa kama lori linalokataa kuwaka, basi mama akikisikia anamlaza mtoto na kutokea mlango wa jikoni. Tumekaa hivyo vizuri kabisa, mshauri. Hata salamu wanatumiana kupitia kwangu, "mwambie mkwe asante kwa sukari," "mwambie mama viazi vilikuwa vitamu," na mimi katikati nimekuwa posta.

Sasa Jumapili tuliyombatiza mtoto, Kiilu alifurahi akasema leo hakuna kupika, twende ile hoteli ya piza ya mjini ambayo kila mtu Kaloleni anaisimulia hata kama hajafika mlangoni. Mama hakutaka. Mimi ndiye niliyemshika mkono, nikamwambia tutakaa meza mbili, mimi na wewe huku, Kiilu na Mwikali kule, tumepeana migongo, na Mwikali ndiye binti yangu mkubwa, ana miaka minne na sauti ya kuuza mitumba. Kufika, watu wamejaa mpaka nje, weita akatuambia, "Mama, meza ni moja, mkae ama mpishe wengine." Nilikuwa na njaa ya mtu anayenyonyesha, mshauri, nikasema tunakaa.

Mama akajifunika leso akageukia dirisha. Kiilu akageukia ukuta, akawa anasoma kalenda kama mtu anayetafuta siku yake ya kuzaliwa. Mimi nikaagiza piza moja kubwa nikidhani italetwa kila mtu na sahani yake, kumbe inaletwa moja, mviringo kama gurudumu, juu ya ubao, kila mtu anyooshe mkono. Mama akaniuliza chini ya leso, "Hiyo ni chapati?" Nikamwambia ni chapati iliyovaa nguo za kanisani. Sasa, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaangalia meza, mama alinyoosha mkono wake akiangalia dirisha, na Kiilu wake akiangalia ukuta, na wote wawili wakakamata kipande kimoja, huyu kwenye ncha, yule kwenye ukingo, kila mtu akavuta kwake. Kipande kikakatika lakini jibini haikukatika. Ikawa uzi. Mama akavuta kuelekea dirishani, uzi ukarefuka, Kiilu akavuta kuelekea ukutani, uzi ukarefuka zaidi, mpaka Mwikali akapanda juu ya kiti akapiga kelele, "Mama! Baba na nyanya wamefungwa kamba!"

Hoteli nzima ikageuka. Mzee wa meza ya pili akasema, "Wakamba na kamba yao!" Weita akaja mbio na kisu. Na hapo mama akacheka, mshauri, cheko ambalo sijalisikia tangu baba afariki, leso ikaanguka, na Kiilu naye akashindwa kujizuia, wakacheka wakiangaliana uso kwa uso kama watu waliosoma pamoja. Halafu wakakumbuka. Mama akarudi chini ya leso, Kiilu akarudi kwenye kalenda, na ile piza niliimaliza mimi na Mwikali.

Tangu siku hiyo mama haingii tena nyumbani, nampelekea mtoto kwa Lydiah, wala hatoki hata kuteka maji, ingawa wanawake wa mferejini wanampenda sana tangu niwasimulie, maana kesho yake niliwasimulia tukacheka mpaka ndoo zikafurika, hata sasa wakimwona mlangoni kwa Lydiah wanamkoholea kwa utani na kumwita Mama Piza. Yeye anasema kazi yake hapa imekwisha, mwisho wa mwezi anarudi Masii. Kiilu naye ananiambia nimemvua nguo mbele ya mkwe wake, siku hizi anaanza kukohoa tangu barabarani na hakuna mtu wa kumkimbia. Lakini usiku ananiuliza polepole, "Kwani mama alishiba siku ile?" Na mama naye ananiuliza, "Ile chapati wanaipika kwa mafuta gani?" Mjomba wake Kiilu, Kitonga wa Makadara, yule aliyeleta posa kwetu, alisikia akacheka tu, akasema akitumwa atakwenda kuongea.

Mimi nimechoka, mshauri. Mama akienda mtoto sina wa kumwachia, na kazi siachi, hilo nimeshaliamua, maana mshahara wa Kiilu peke yake hautoshi, na mama simtaki aende, na mume wangu nampenda. Nimefikiria niwaite wote wawili nyumbani, nifunge mlango kwa kufuli nikae nje na funguo mpaka waongee, kwa sababu huu ni mji na dunia imebadilika. Nifanye hivyo?

Mimi,
Mama Mchovu, Kaloleni

*

Mama Mchovu,

Hongera ya mtoto, na pole kwa uchovu. Uliniomba nifiche jina lako, kisha ukanitajia la mumeo, la mama yako, la jirani, la mtoto na la mjomba. Nimeyabadilisha yote. Nakutajia jambo hilo si kwa kukucheka, bali kwa sababu ndilo ugonjwa wenyewe. Wewe ni mwenye moyo mzuri, dada yangu, lakini mdomo wako hauna komeo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka hadi nikafuta miwani. Nikaisoma tena nikitafuta ni wapi mama yako alipoumia, na si kwenye piza. Mtu aliyeaibishwa na chakula haulizi kimepikwa kwa mafuta gani. Mama alijisahau mara moja, akacheka, mbele ya watu ambao hatawaona tena maishani mwake. Angelala, angeamka, lingepita. Wewe ukalibeba mjini ukalileta mpaka mferejini, alipokuwa akiteka maji, kwa wanawake aliokutana nao kila asubuhi. Ulinificha jambo hilo katikati ya sentensi ndefu, kama mtu anayeficha mfupa chini ya ugali.

Na hicho kikohozi! Mume wako anakohoa kwenye kona kumpa mama yako nafasi ya kuondoka na heshima yake. Mimi si wa kwenu, lakini sijasikia mkwe mwenye adabu kuliko huyo. Ninyi wenye ndoo mmekichukua mkakifanya mchezo wa kumtania mwanamke mzima. Unashangaa nini akifunga mizigo?

Habari ya kufuli nisiisikie tena. Mbuzi ndio hufungiwa. Ndiyo, dunia imebadilika, lakini hao wawili hawakukuomba uwabadilishe. Walikuwa wameipata njia yao ya kuishi ndani ya chumba kimoja na jiko, jambo ambalo wengi wenye vyumba vinne wameshindwa, na ilifanya kazi. Wewe ndiye uliyeivuruga kwa njaa yako ya siku moja. Nakuelewa, nami nimenyonyesha. Hata hivyo ungesubiri meza.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda mferejini wakati foleni ni ndefu, useme mbele ya wote kwamba ulikosea kuyasimulia ya mama yako, na kwamba jina lile likome na kukohoa kukome. Useme bila kutabasamu. Ukicheka hata kidogo, umepoteza safari. Lydiah asimame nawe, maana wageni wa nyumba yake ni heshima yake pia.

Kutoka hapo nenda kwa mama, upige magoti, umwombe msamaha kwa kusimulia. Usimwombe msamaha kwa piza, na neno "lakini" liache mlangoni.

Kiilu naye asikae anakohoa barabarani kama mgonjwa wa kifua. Mjomba amesema akitumwa atakwenda. Basi mtumeni, mnangoja nini? Aliyeleta posa ndiye mwenye mdomo wa kuongea na mkwe, si wewe. Umeshafanya kazi ya posta ya kutosha, na barua nyingine umezifungua njiani. Aende na majani ya chai na sukari, aseme maneno ya mkwe kwa mama: kwamba hakukusudia kumtazama, na kwamba nyumba bado ni yake kuanzia asubuhi hadi jioni. Kama wazee wenu wana jambo la kuongeza, mjomba atalijua. Mwikali mwacheni, alisema alichokiona.

Mkitaka piza tena, na naona mnaitaka wote, Kiilu apitie mjini akanunue mbili zilizofungwa. Moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe kwa Lydiah. Hakuna aliyesema lazima mle mkitazamana ndipo muwe jamaa.

Ukishayafanya hayo, siku moja kabla ya kurudi kazini, mweke mtoto mapajani mwa mama na umwulize swali moja tu: "Nikienda kazini kesho, huyu nimwache na nani?" Halafu nyamaza. Najua kwako ni kazi ngumu kuliko biskuti za wiki nzima, lakini nyamaza, usimsaidie kujibu, hadi mama mwenyewe aseme.

Bi. Wakiuru