Palipobaki Chikanda

Shangazi yangu mpendwa,

Leo mchana mtaalamu anayejenga hazina ya taarifa za mimea mtandaoni anataka jibu langu. Anaomba daftari langu lote: kila mahali nilipoona mmea wa chikanda porini, ili mtu yeyote, popote alipo, afungue na kusoma bure. Ni mwaka wa tatu tangu tukuzike Ihanda, na sina mwingine wa kumwuliza.

Wewe ndiye uliyenionyesha ua lake. Ulichimba kiazi kikubwa, ukaacha kidogo, ukarudishia udongo. "Hiki cha mwakani," ulisema. Mimi, nikiwa nimetoka sekondari juzijuzi, niliandika tarehe na kuhesabu maua. Ukanicheka: "Unayaita majina kama mwalimu wa zamu! Yasipofika utayachapa?"

Tulipopeleka kikapu Tunduma, yule mama wa Zambia anayepika chikanda kwa karanga alikuuliza unachimba wapi.

"Chini ya kitanda cha mume wangu," ulimjibu. "Njoo uchimbe, ila na yeye uondoke naye!"

Soko lilicheka. Hukumwambia.

Mimi nimesema, shangazi. Mtaalamu aliomba mfano mmoja wa kujaribia mtandao wake. Nilimpa kilima cha juu ya kisima chetu, hatua kwa hatua, hadi upande wa jiwe. Nilijivunia usahihi wangu. Wiki tatu baadaye nilipanda kilimani nikakuta mashimo matupu. Hata vile viazi vidogo wamevibeba. Jirani aliyekuwa akikata nyasi aliniambia, "Walikuja na pikipiki, wameshika simu. Hata njia hawakuuliza."

Nilimpigia mtaalamu nikiwa palepale. Alifuta ukurasa ule, akaomba radhi, kisha akasema, "Lakini dada, tusipoonyesha ilipo, nani ataamini kwamba inaisha?" Na si mwongo. Kilima kingine cha chikanda kimefyekwa kwa ajili ya mahindi, na hakuna aliyezuia, kwa kuwa hakuna karatasi iliyosema kuna kitu pale.

Nimeamua hivi. Nitampa miaka yote na hesabu zote, lakini mahali nitaandika jina la kata tu. Asipotaka hivyo, daftari halitoki.

Kuna kilima kimoja ulikonipeleka ukiwa tayari mgonjwa, umeniegemea begani. Hicho sijakiandika popote, hata katika shajara yangu. Bado kinachanua. Nikifa kabla sijampata wa kumwonyesha, hakuna atakayejua kwamba kilikuwepo.

Pumzika, shangazi. Mimi bado naogopa.

Binti wa kaka yako