Ami, Ulijua Pamba Hunywa Maji

Kwako Ami, huko ulikolazwa,

Siku uliyozikwa nilisimama safu ya tatu. Najua ungependa kulisikia hilo, maana ulikuwa mtu wa kuangalia nani kaja na nani hakuja. Walikuja wengi. Msikiti ulijaa hadi ngazini, na wenye maduka ya jirani walifunga kwa muda, jambo ambalo katikati ya jiji halifanyiki hivihivi. Baada ya sala, mwanao Twalib alisimama mbele ya jeneza akafanya kama inavyofanywa kwetu. Alisema, "Ndugu zangu, mzee alikuwa binadamu. Kama kuna aliyekosewa naye, kwa neno au kwa mkono, namuombea radhi." Safu zote zikajibu kwa pamoja kwamba zimekusamehe.

Mimi sikujibu.

Twalib aliona. Katika watu wote wale alikuwa akinitazama mimi. Tangu siku hiyo amekuja kwangu Waithaka mara tatu kuifuata radhi hiyo, na mara zote tatu ameondoka bila ya kuipata. Nataka sababu uipate wewe mwenyewe. Na kwa kuwa barua ya maiti husomwa na walio hai, wao nao waisome.

Unakumbuka nilivyofika? Nilikuwa na miaka minane. Kijiji chetu cha bara, ng'ambo ya Lamu, kilichomwa alfajiri moja, nasi tukakimbia mimi nikiwa begani kwa baba, uso umeelekea nyuma. Yeye alitazama njia. Mimi niliitazama nyumba. Mama hakutoka. Baba hakuamini, kwa hiyo alinileta Nairobi, akanikabidhi kwako wewe nduguye mlangoni pa duka lako la magodoro, akanywa chai, akarudi kumtafuta. Hatukumwona tena.

Sitakunyima haki yako. Ulinilisha. Ulinisomesha, na bila ya kusoma nisingeweza kukuandikia hivi. Ulinifundisha na kazi: kuchambua sufi ya mti wa msufi, kutoa mbegu na vijiti, kuipiga kwa fimbo mpaka inyanyuke kama povu, kuishindilia ndani ya kitambaa na kukishona kwa ile sindano ndefu. Jioni, duka likifungwa, ulikuwa ukiniondoa sufi nyweleni, huku unacheka. "Umeota mvi kabla yangu," ulikuwa ukisema. Nilikupenda saa hizo. Hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi, kwamba nilikupenda, kisha ikaja asubuhi.

Nilianza kukojoa kitandani wiki ile ile ya kwanza. Nikifumba macho nyumba ilikuwa inawaka, nikifumbua nimelowa. Sikumwambia mtu. Wewe hukuniuliza hata siku moja niliona nini kule. Uliuliza jambo moja tu: "Jitu zima la miaka minane, huoni haya?" Ukalibeba godoro langu, ukalitundika kwenye ukingo wa roshani inayotazama barabara, ukanishusha na kunisimamisha chini yake, kwenye njia ya watu.

"Simama papo hapo mpaka likauke," ulisema. "Wakuone."

Wakaniona. Makarani waliokuwa wakienda ofisini waliniona, na wachukuzi, na wasichana wa shule waliokuwa wakishikana mikono na kuziba midomo. Watoto wa mtaa wa nyuma walinitungia wimbo wenye jina langu. Mteja mmoja alikuuliza, "Na hili nalo ni la kuuza, sheikh?" Mkacheka wote wawili. Sauti ya mama imenitoka kichwani miaka mingi sasa, lakini kicheko kile ninacho. Ilikuwa Julai, nawe waijua Julai ya Nairobi, jua linachungulia mchana na kurudi ndani. Nilisimama mpaka adhana ya alasiri. Mambo hayo yalikwenda miaka miwili. Si kila siku, nisikusingizie. Lakini miaka miwili.

Mara ya kwanza Twalib alipokuja, tulikaa uani tukanywa chai. Yeye amezaliwa Nairobi na anaongea kama Nairobi.

"Kaka, wewe umesoma," aliniambia. "Hii maneno ya kiwewe cha watoto imekuja juzi tu. Zamani nani alikuwa anajua? Mzee hakujua, bana. Alifanya vile alifanyiwa."

Nakwambia kweli, Ami, siku ile nilikaribia kuitoa radhi. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba mtoto aliyeona moto husema kwa mwili kile asichoweza kusema kwa mdomo, na kwamba wakubwa wengi wa wakati wako waliuona uvivu mahali palipokuwa na hofu. Mtu asiyejua unaweza kumwachia. Nilimwambia Twalib arudi wiki inayofuata, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kulainika.

Kabla ya wiki kwisha niliona godoro.

Jirani yangu ni Mama Nekesa, mshonaji wa sare za shule, mtu wa Bungoma. Mjukuu wake, Imani, msichana wa miaka saba, aliletwa kwake baada ya chumba walichopanga kuungua. Asubuhi hiyo nilichungulia uani kwake nikaona godoro la sponji limetandazwa kwenye waya wa ua, na Imani amesimamishwa kando yake, amejivuta sweta hadi juu ya macho. Miguu yangu ilifika pale kabla sijaiagiza.

"Mzee, wachana na yeye, ajifunze!" Mama Nekesa aliniambia. "Kila siku, kila siku! Kwani mimi niliumbwa nifue tu?"

"Mtoto huyu nyumba yao iliungua."

"Si iliungua kitambo? Amepewa nguo, amepewa vitabu. Ako sawa."

"Amekwambia aliona nini?"

Alishusha mikono. "Sijamuuliza," akasema, kwa sauti nyingine kabisa. "Nilifikiria nikimuuliza nitamkumbusha."

"Hajasahau, Mama Nekesa."

Nililitoa godoro kwenye ua nikaliingiza ndani, mimi na mgongo wangu huu. Nikamwahidi Imani kwamba nitamshonea jingine kwa mkono wangu. Nilizunguka siku mbili masokoni kuitafuta sufi, maana siku hizi kila kitu ni sponji. Nilipoipata nikakaa uani kuichambua, mara ya kwanza baada ya miaka arobaini. Vidole vilikumbuka. Na vidole vilipokumbuka, kichwa nacho kikafuata.

Sufi haina uzito. Godoro la sufi mtoto hulibeba kichwani. Lakini wewe ulipolinyanyua langu kulipeleka roshani ulikuwa ukiguna.

Lilikuwa la pamba, Ami. Makapi ya pamba, yale yaliyobaki kwenye kushona mito. Duka zima la sufi, na mtoto unayemjua kuwa anakojoa ulimlaza juu ya pamba. Sufi haipendi maji. Kojo la mtoto hubaki juu, likafutwa, likakauka kabla chai haijapoa. Pamba huyanywa na kuyashika. Nani Nairobi hii aliyelijua hilo kuliko wewe? Kwa masikio yangu nilikuwa nikikusikia ukiwaambia kina mama wenye watoto wachanga, "Chukua sufi, mama, pamba itakuozea." Ulisema hivyo ndani ya duka, na mimi nimesimama nje chini ya roshani, nangoja pamba ikauke.

Moto uliokuwa kichwani mwangu hukuujua. Hilo nakupa. Pamba uliijua.

Twalib aliporudi nilimweleza. Alizungusha kikombe muda mrefu. "Labda sufi ilikuwa ghali," akasema.

"Ilikuwa inaniangukia nyweleni, Twalib."

Akaweka kikombe chini, akaenda zake.

Na kuna jingine ambalo sikumwambia yeye, ila wewe nitakwambia, maana ni lako pia. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alilowesha kitanda, nami nikamtoa nje nikamsimamisha mlangoni. Mara moja tu. Mama yake alipita kati yetu akamchukua. Lakini nilisema, Ami. Nilisema "wakuone," kwa sauti yako. Mwaka jana nilimpigia simu huko Mombasa anakoishi, nikamwomba radhi kwa jambo hilo. Nilidhani amesahau. Akasema, "Baba, nilikuwa nangoja uniulize." Akanisamehe hapo hapo, analia, nami nalia.

Basi najua radhi inavyotolewa. Huombwa na kinywa kilichokosa. Wewe uliishi miaka karibu sitini baada ya godoro lile. Tulikula Idi pamoja, tulizikiana watu, ulinishika mkono nilipooa. Siku zote hizo nilikuwa mbele yako, mtu mzima mwenye masikio. Hukuniomba kitu, hata kwa utani. Ukamwachia mwanao aniombee msikitini, mbele ya watu, mahali ambapo kukataa ni aibu yangu. Hata maiti yako ilinisimamisha mbele ya watu.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Mama Nekesa aliwaita majirani uani kwake Jumamosi moja, kina mama na baba wawili watatu, kila mmoja na mtoto asiyelala, au anayepiga wenzake, au aliyeacha kusema. Wakanitaka niseme kitu. Nikawasimulia juu yako. Sikuficha jina, wala duka, wala mahali roshani ilipo. Nikawaonyesha sufi na pamba, nikazimwagia maji mbele yao. Tangu hapo tunakutana kila Jumamosi. Tumejifunza kumuuliza mtoto, kisha kunyamaza na kungoja. Imani alisema wiki ya tano. Alisema alimwacha paka wake ndani. Bibi yake alimkumbatia mpaka uji ukaungua jikoni. Bado hulowesha siku moja moja, na asubuhi wanapangusa godoro pamoja, mlango umefungwa.

Na wewe wamekupa jina. Mzee Pamba. Mzazi akianza kumfokea mtoto mbele ya watu, mwenzake humwambia, "Wee, usituletee Mzee Pamba hapa!" Nimelisikia dukani, nimelisikia bombani, na juzi nimelisikia kwa mwanamke nisiyemjua kabisa. Mimi ulinipa wimbo wa mtaa mmoja. Jina lako linavuka barabara.

Twalib alilisikia jina hilo langoni alipokuja mara ya tatu. Aliingia amekasirika.

"Unamharibia Baba jina! Mtu amekufa, Kaka! Unataka nini?"

"Nilichotaka kilikuwa kwake."

"Na mimi nifanye nini?"

Nikamwonyesha gunia la sufi, kwa kuwa nilikuwa nashona godoro la mtoto mwingine. Akakunja mikono ya shati, akakaa, akaanza kutoa mbegu. Anachambua vibaya, hukumfundisha. Alipoondoka jioni alikuwa na sufi kichwani. Sikumtoa sufi hiyo, wala sikucheka, wala radhi sikumpa.

Wanasema roho ya mwenye kudaiwa radhi hungoja. Kama ni kweli, sikuombei moto, Ami; moto niliuona, sitamtakia mtu. Naomba kitu kimoja tu. Uwekwe mahali wapitapo watu, makarani na wachukuzi na wasichana wa shule, na godoro langu juu yako linadondoka, na iwe Julai.

Simama papo hapo mpaka likauke. Wakuone.

Mimi, mtoto wa nduguyo,
uliyemsimamisha chini ya roshani.