Msumeno Umewaka, Nimeondoka Nao

Baba Pacha,

Chai iko kwenye chupa. Watoto wakirudi waoge kwanza ndipo wale, na wasikae karibu na meza ya uani, bado inanuka petroli.

Msumeno wa injini usiutafute. Ninao mimi.

Asubuhi uliniambia, "Mama Pacha, kabureta siyo sufuria." Ulipotoka kumwita fundi, nikaisoma ile karatasi ya maelekezo uliyofutia mikono. Kumbe gasketi, ile nyembamba ya kuzuia mvujo, uliiweka kinyume, ikaziba tundu la petroli. Nikaifungua kabureta yako mpya, nikaigeuza gasketi, nikafunga. Nikavuta kamba mara tatu, ukawaka! Ila mnyororo ulikuwa unazunguka hata nikiachia mafuta, basi nikalegeza skrubu ya mwendo wa chini kidogo kidogo mpaka ukatulia, injini ikabaki inakoroma taratibu kama mtu fulani ninayemjua.

Fundi akija mpe chai, na umwombe radhi kwa usumbufu.

Nimekwenda kwa mama. Hii ni wiki ya pili mti umelalia paa la jiko lake, anapikia sebuleni, moshi unamtoa machozi, na kila akipiga simu unamjibu, "Kesho, mama, imebaki kabureta tu." Mimi ndiye ninayeona haya.

~~Usinifuate.~~

Njoo, na ulete ngazi. Unajua nikipanda hata kiti naita mtu aje anishushe. Halafu mama nimeshamwambia mkwe wake ndiye anayekuja kukata, na amefurahi mno, sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Mama Pacha